Anayefungasha Hasemeshwi

Kambini kwetu kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaifuata: anayefungasha hasemeshwi. Ukimwona mtu ameinama kwenye jeki za gari lake, au anachomoa bomba la maji machafu, unapita na kikombe chako cha kahawa kama humjui. Mkono unaweza kumpungia. Mdomo, hapana. Magari yetu haya ni nyumba nzima, yana kitanda, jiko na choo, na ukiegesha unaunganisha maji, umeme na bomba la uchafu. Siku ya kuondoka unavikata kimoja kimoja. Mtu akikukatiza baada ya cha saba, cha nane unakisahau.

Mwanangu Wendell hakuijua sheria hiyo, au aliijua akaipuuza. Yeye huko Minnesota anafundisha watu usalama kazini, na watu wa kazi hiyo hawajui kunyamaza.

Alikuja Arizona kunichukua. Baba yake, Orrin, alifariki Novemba, wiki tatu tu baada ya kuegesha hapa kukimbia baridi, kama tulivyofanya miaka kumi na tisa. Sasa ilikuwa Aprili, joto linapanda, kila mtu anaondoka, na nafasi yangu ilikuwa inakwisha saa tano asubuhi. Wendell alikuwa ameniwekea chumba kwenye nyumba ya wazee, Duluth, huko huko Minnesota, na gari ameshalitafutia mnunuzi. Mimi nilikuwa nimeahidi kwenda Montana kutunza kambi ya ziwani kiangazi kizima. Kazi hiyo tuliiomba wawili, na wenyewe walikubali niifanye peke yangu.

Jana yake tulibishana chakula chote cha jioni, mpaka nikachoka nikasema upumbavu.

"Haya. Kesho nafungasha mwenyewe. Nikikosea, chukua funguo."

"Kosa moja tu, Mama."

"Moja."

Hasira hasara. Lakini nilikuwa nimeshasema.

Saa mbili asubuhi nikavaa glovu, nikaanza na tangi la choo. Linamwagwa hilo kwanza, kisha la maji ya sabuni, ili bomba lijisafishe. Wendell alisimama nyuma yangu na miwani yake ya jua.

"Mama, hii si kazi ya mtu wa miaka sabini na minne."

"Ni kazi ya mtu mwenye choo."

Nikakunja turubai la kivuli. Nikapandisha jeki zinazozuia gari kuyumba, naye yuko nyuma yangu. "Daktari alisemaje kuhusu goti?" Nikaingia ndani, nikafunga makabati, nikailaza televisheni kitandani na kuibana kwa mito. Akaja mpaka dirishani. "Mama, ukipatwa na kitu katikati ya Nevada utampigia nani?"

Jirani yangu Lonnie, mzee wa Texas ambaye hata na mkewe haongei kabla ya kahawa ya pili, alivumilia mpaka akashindwa.

"We bwana! Mwache mama yako. Anayefungasha hasemeshwi."

"Naongea na mama yangu."

"Utaongea naye akifika Montana. Simu zipo."

Wendell akatabasamu lile tabasamu la kuheshimu mvi tu, akanifuata upande wa pili wa gari. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kisanduku cha umeme cha nguzoni, nichomoe waya.

"Mama, hivi kweli Baba angekuruhusu?"

Hapo ndipo aliponipata. Niliuondoa mkono, nikageuka, nikamjibu. Mengine niliyosema siyarudii hapa, kuna watu wa kanisani wanaonijua. Kisha nikapanda kwa hasira, nikawasha injini. Mzunguko wa mwisho, ule wa kulizunguka gari zima na kutazama juu na chini kabla ya kuondoka, sikuufanya.

Gari likasogea hatua mbili.

"Simama!" Lonnie akapiga yowe. "Waya! Verna, waya!"

Nikakanyaga breki. Ule waya mnene wa umeme ulikuwa bado umechomekwa kwenye nguzo, umekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Haukukatika. Lakini majirani wote walikuwa wameshatoka nje.

Nilizima injini. Wendell akaja mlangoni, akaninyooshea kiganja. 

Nitasema kweli: nilitaka kumpa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Na nilimtaka Orrin, wakati ule ule, awe amekaa pale kwenye kiti chake akinung'unika. Funguo zilikuwa mkononi. Nikakitazama kile kiganja, na hasira ikanirudia, safari hii ikiwa na akili.

"Nimekosea," nikasema. "Nimeusahau waya. Umeshinda."

"Mama, si suala la kushinda..."

"Ngoja nimalize. Baba yako aliondoka na antena ikiwa juu mara ngapi?"

"Sijui."

"Nne. Mpira wa maji ameukata mara mbili. Kule Amarillo aling'oa tawi la mti pamoja na kiyoyozi cha paani. Na kule New Mexico aliniacha mimi, mke wake, chooni kwenye kituo cha mafuta. Akaenda maili thelathini akipiga soga na mimi, anadhani nimejilaza nyuma!"

Lonnie alicheka mpaka akashika nguzo.

"Nani alimnyooshea kiganja, Wendell?"

Wendell akavua miwani.

"Kisa hicho umekisikia kila Krismasi, ukacheka mpaka machozi. Mzee Orrin bwana, ana vituko! Kosa lake kituko, kosa langu nyumba ya wazee?"

Nikashuka. Nikazima swichi kwenye nguzo, nikachomoa waya, nikauviringisha, nikauweka mahali pake. Kisha nikalizunguka gari, polepole, nikigusa kila tairi. Wendell akafumbua mdomo mara moja, akaufumba. Kambi nzima ilikuwa imenyamaza, hata mbwa wa Lonnie.

Nilipofika tena mlangoni nilipanda, Wendell akakanyaga ngazi nyuma yangu, nikageuka nikasema kwa sauti, kila mtu asikie.

"Ahadi niliyokupa jana naivunja. Mbele ya hawa wote. Ukifika nyumbani waambie wanao bibi yao ni mwongo."

"Na ukifa njiani?"

Aliuliza kwa sauti ndogo, na nikajua swali hilo ndilo alilopanda nalo ndege kutoka Minnesota. Nilimhurumia. Yeye naye amezika baba mwaka huu.

"Nitakufa, mwanangu. Duluth nako watu wanakufa, tena wakisubiri uji. Sasa toka kwenye ngazi, nataka kuikunja."

Hakutoka mara moja. Nami sikumsogeza. Nilikaa kwenye usukani, nikafunga mkanda, nikangoja, na nilikuwa tayari kungoja hivyo mpaka saa tano ipite na meneja aje kutufukuza wote wawili. Mwishowe nilisikia viatu vyake kwenye changarawe.

Nikaikunja ngazi. Nilipokata kona ya kwenda barabara kuu nilimwona kwenye kioo, amesimama peke yake pale gari lilipokuwa limeegeshwa, mkono juu. Sijui alikuwa ananiaga au ananiita nirudi. Sikusimama kuuliza.