Kilio ndani ya Simu ya Ghalib

Fathiya alikuwa akikunja madera ya mzigo wa Unguja simu ya mumewe ilipotetema kitandani. Ghalib alikuwa bafuni. Fathiya aliisogeza tu asiikalie, kidole kikagusa ujumbe wa sauti, na kikatoka kilio cha mtoto mchanga. Kikakatika, kikaanza tena, chembamba, chenye njaa.

"Nani huyo?" Fathiya alimuuliza mumewe alipotoka na taulo.

"Video tu za watu." Ghalib aliichukua simu haraka. "Nakwenda soko la Shahe kutazama jinzi."

Wiki kadhaa sasa ilikuwa Shahe kila asubuhi, na jinzi hata moja haijaja nyumbani. Mashati yake yalinuka samaki. Juzi Fathiya alikuta doa jeupe kifuani, na mkononi mikwaruzo ambayo Ghalib alisema ni ya maboksi.

Mwaka jana walimzika mtoto wao Unguja, hajatimiza hata arubaini. Walirudi kwenye biashara yao Guangzhou, China, na hawakumtaja tena.

Alipomsimulia rafiki yake Swalha, muuza mitandio wa mtaa wa Dengfeng, Swalha alishusha sauti. "Shoga'angu, huyo ana mtoto nje. Usimuulize. Mfuate."

Kesho yake Fathiya alipanda metro, behewa la nyuma ya lile la Ghalib. Treni ikakipita kituo cha Shahe, ikaenda kusini mpaka vituo asivyovijua. Ghalib alishuka, akatembea hadi lango la nyuma la bustani moja ya wanyama wa baharini. Mlinzi alimfungulia akicheka, kama anavyofunguliwa mwenyeji. Fathiya alizunguka mbele, akakata tiketi. Mwanamke gani anaishi humu?

Kilio ndicho kilichompeleka. Nyuma ya mabwawa, kwenye uzio wa chuma, alimwona mumewe amechuchumaa na viatu vya mpira. Mapajani alikumbatia kitu cheusi, kinachong'aa, chenye visikio vidogo vilivyojikunja kama majani ya chai, kikinyonya chupa.

"Ghalib!"

Alishtuka, chupa ikaanguka. Kile kitoto kililia kilio kilekile cha simuni, kikamkwaruza mkono.

"Karibu shemeji," alisema mwanamume aliyetoka na ndoo. Alikuwa Kimani, Mkenya, rafiki wa Ghalib na daktari wa wanyama hapo. "Huyu ni mtoto wa simba-bahari. Mama yake aliugua, maziwa yakakauka. Watu wote tulimpa chupa, akakataa. Siku bwana Ghalib alipokuja kunisalimia, akanyonya kwake."

Fathiya aliinusa chupa. "Haya si maziwa."

"Ni samaki aliyesagwa na mafuta. Maziwa ya ng'ombe yangemuumiza tumbo."

"Na sauti za kwenye simu?"

"Tunamrekodi ili mama yake amsikie, asimsahau, nami humtumia bwana Ghalib. Hawa hujuana kwa sauti, halafu kwa harufu. Leo tunamrudisha, mama amepona."

Fathiya alimtazama mumewe, akitafuta mahali uongo ulipobaki.

Kimani alifungua mlango wa chuma. Jike kubwa la kahawia likatoka, limekunja mapezi ya nyuma chini ya mwili, likitembea kwa yote manne kama mbwa mzito. Lilimnusa mtoto. Likarudisha kichwa nyuma. Likamnusa tena, shingoni, mgongoni, penye harufu ya mikono ya Ghalib, kisha likamkamata kwa meno na kumtupa pembeni.

"Atamuua!" Fathiya alishika uzio.

"Ngoja," alisema Kimani, naye uso umemkauka.

Mtoto alijikokota, akalia. Jike lilisimama. Likatoa sauti nzito, ya kukwaruza, mtoto akajibu, likaita tena, karibu zaidi. Wakaitana hivyo mpaka pua zikagusana. Mwishowe jike lililala ubavu, mtoto akapekua tumboni mpaka akapata.

Ghalib alikuwa akilia, hajifuti.

"Kwa nini hukuniambia?" Fathiya aliuliza.

"Kilio chake, Fathiya. Ni kama cha mwanetu. Niliogopa usije ukakisikia."

"Nimekisikia peke yangu, nikidhani una mke mwingine. Hiyo ndiyo afadhali?"

Fathiya aliushika mkono wa Ghalib wenye mikwaruzo, akaugeuza, akaukagua mkwaruzo kwa mkwaruzo.

"Kesho nakuja nawe," alisema.

"Huniamini bado?"

"Bado. Lakini nataka nimwone akinyonya tena."