Asali ya Wageni

Mwalimu Loisi aliinusa dawa kabla hajaifikia mizinga. Ilikuwa dawa ya kunguni, ile inayokwaruza koo, na asubuhi ile hapakuwa na upepo wa kuiondoa.

Alifundisha sayansi darasa la tano katika Shule ya Msingi Chiholi, kwenye kijiji kilicho mbele kidogo ya Buigiri. Mwaka uliotangulia shirika moja la wafadhili liliipa shule mizinga, ili watoto wajifunze jinsi nyuki wanavyochavusha mimea. Mizinga ikatundikwa kwenye migunga pembeni mwa shamba la alizeti, nyuki wakaingia wenyewe. Loisi hakuwahi kuona darasa likipenda somo namna ile. Watoto walifunika baadhi ya maua kwa vipande vya chandarua kikuukuu ili nyuki wasiyafikie, na wakati wa mavuno wakabangua mbegu kwa meno. Za maua yaliyofunikwa zilikuwa makapi. Emiliana, binti ambaye kwake hata kuitika jina lake kulikuwa jambo zito, alisimama akawaeleza wenzake sababu.

Sasa nyuki walikuwa rundo jeusi chini ya miti. Wachache walijizungusha kwa migongo, miguu ikitetemeka, na siafu walishaanza kuwabeba. Loisi alishusha mzinga mmoja akafunua mfuniko. Masega yalikuwa yameloa. Majana meupe, watoto wa nyuki wasioota mbawa, yalikuwa yametepeta ndani ya vyumba vyao na kutoa majimaji kama usaha. Akanyoosha mkono kutoa sega moja.

"Usiguse, mwalimu, utachafuka," mtu alisema nyuma yake. Alikuwa Fulgence, ofisa wa mradi kutoka mjini, kavaa fulana mpya yenye nyuki anayetabasamu kifuani.

"Nani kafanya hivi?"

"Niliwatuma vijana alfajiri. Leo wanakuja wakubwa wa shirika. Shule nyingine mgeni aling'atwa mdomo, ziara yote ikaharibika."

"Umewaua wote."

"Tutaleta wengine. Porini si wamejaa?"

Loisi alikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Gabrieli, akamkuta anafunga tai mbele ya kioo cha dirisha. Alipomweleza, mzee yule hakushtuka.

"Najua," alisema. "Wametuahidi madarasa mapya, Loisi. Naomba leo usitie neno."

Loisi alitoka akanawa mikono kwa sabuni ya unga. Harufu haikutoka.

Wageni walifika kwa magari meupe. Watoto wakaimba wimbo wa nyuki walioufundishwa na Loisi mwenyewe, naye akatazama chini, asijue pa kuyapeleka macho. Kiongozi wa msafara, mama mmoja aitwaye Ester, akazungumza kwa upole kuhusu mazingira. Kisha Fulgence akaleta sinia. Juu yake palikuwa na sega kubwa linalong'aa kwa asali.

"Wewe binti, njoo," alimwita Emiliana. Akamkatia kipande. "Lamba, halafu tabasamu uangalie kamera."

Loisi alitambua kuwa lile sega lilitoka kwenye mizinga yao, kabla kipande hakijafika mdomoni. Aliruka benchi, akamshika mtoto kifundo cha mkono, kipande kikaanguka vumbini.

"Hili limepuliziwa sumu asubuhi hii," aliwaambia wageni. "Mtu asile."

Fulgence alicheka. "Mwalimu ana wasiwasi tu. Asali yenyewe ni ya dukani, nimeimimina mimi juu ya sega. Ni safi kabisa."

"Basi lamba wewe."

Alimsogezea sinia. Fulgence aliitazama asali, akaitazama kamera, akafuta mikono yake kwenye suruali. Hakulamba.

Mama Ester aliomba kuonyeshwa mizinga. Loisi alimpeleka, na wageni wengine wakafuata wakiziba pua kwa mitandio na leso. Mama yule aliliinamia rundo la nyuki. Loisi akadhani sasa atauliza nani kafanya hivi. Badala yake alimgeukia mpiga picha.

"Hapa usipige," alisema. Halafu kwa sauti ya chini, "Zile za nyimbo zimetoka vizuri?"

Loisi aliwaacha hapo akaenda kutafuta jembe.

Walipoondoka, alichimba shimo refu akafukia masega yote, kuku na watoto wasiyafikie. Emiliana alisimama karibu.

"Mwalimu, ningekufa?"

"Ungeumwa sana. Jioni nakuja kwenu, niongee na mama."

Hakwenda kwao tu. Alipita nyumba kwa nyumba, na Jumapili baada ya ibada akasimama mbele ya wazazi akawasimulia yote, pamoja na jina la mwalimu mkuu. Gabrieli alikuwa ameketi safu ya pili. Alitoka kabla Loisi hajamaliza, na tangu siku hiyo hakumwitikia salamu.

Shirika lilipotangaza ziara nyingine, lilileta mizinga mipya iliyopakwa rangi ya njano na pipi za kuwagawia watoto. Siku yenyewe wazazi hawakumruhusu mtoto hata mmoja kutoka nyumbani. Fulgence alizunguka madarasa matupu akiwa na boksi la pipi mikononi, mwisho akamkuta Loisi peke yake anafuta ubao.

"Umefurahi sasa?" alimuuliza.

"Hapana," alisema Loisi. Akaendelea kufuta.