Mgeni Aliyeshuka kwenye Nguzo

Mjane alikuwa mlangoni akichambua mchele umeme uliposhuka kwenye nguzo ya chuma nyuma ya choo. Umeme wenyewe ulikuwa mzee mrefu, mwembamba, miguu imevimba kwa safari. Akapiga hodi.

"Karibu, baba. Watoka mbali?"

"Bwawani, mama. Naenda kiwandani, ng'ambo ya mto. Naomba nipumzike."

Akampa kigoda na maji. Nyaya za nguzo ile zilipita juu ya bati lake tangu binti yake hajazaliwa, wala hazikuwahi kumwachia hata cheche. Ndani ya nyumba fundi alishatandaza waya na kuning'iniza balbu, zikabaki kusubiri transfoma, buibui wakafanya makao.

Binti alikuwa kitandani, kifua kinapiga filimbi. Pembeni yake ilikaa mashine ya kumsaidia kupumua, waliyopewa hospitali, ingali kwenye nailoni.

Mgeni aliitazama. "Nikiigusa leo nitaiunguza. Nguvu zangu ni za kusukuma kiwanda. Nikilala hapa hadi keshokutwa zitashuka, zitoshe nyumba."

"Mgeni siku mbili," binti akasema kwa pumzi za kuokoteza. "Ya tatu tumpe jembe, mama."

Wakacheka wote, mgeni naye, na balbu zikawa nyekundu kama kaa linalozimika.

Kesho yake jioni wakaja mafundi wa shirika, helmeti mkononi.

"Shikamoo, mzee," msimamizi wao akamwambia mgeni. "Mashine zimesimama kule."

"Mwacheni alale usiku mmoja tu, wanangu," mjane akasema. "Binti yangu hapumui."

"Pole sana, mama. Lakini huyu ni wa kiwanda. Wa kwenu bado yumo kwenye mpango."

"Yumo tangu marehemu mume wangu yu hai. Huko mpangoni mnamlisha nini, mbona hatoki?"

Msimamizi akacheka kwa adabu. Mzee akatafuta viatu vyake, akainamisha kichwa kuaga, akapanda nguzo.

Binti alifariki kabla ya alfajiri. Mjane akamfumba macho, akasali.

Watu walipotoka kuzika, mafundi walirudi na miiba ya chuma ya kufunga kwenye nguzo, asije mwingine akashuka kupumzika. Walivua helmeti, wakampa mkono wa pole. Kisha msimamizi akaomba mtu wa kuwashikia ngazi, maana ardhi pale ilikuwa inateleza.

Mjane akajifunga mtandio vizuri, akawashikia.