Dusabe Hukulia Ihanda Tu

Pikipiki ya Lameck ilikuwa imeshaipita Omurushaka, imebeba godoro, sufuria mbili, majembe matatu, kuku aliyefungwa miguu, na watu wanne ukimhesabu dereva, pale viatu vya Dusabe vilipoanza kudondoka. Kilidondoka cha kushoto, kisha cha kulia, na mara zote mbili Lameck alisimama, akashuka kukiokota, akinung'unika. Vilikuwa viatu vipya vya plastiki. Asubuhi ile vilikuwa vinambana.

Nikuze, mama yake, alipeleka mkono mgongoni akapapasa. Kitenge alichombebea mtoto kilikuwa kimelegea.

"Baba Dusabe," alimwambia mumewe, "huyu mtoto anapungua."

"Anapungua wapi?"

"Miguu. Na makalio."

Theoneste aligeuka kadiri godoro lilivyomruhusu, akatazama, akaona ni kweli.

"Afadhali," alisema Lameck. "Tulikuwa tumejaa mno."

Wakaendelea na safari.

Ilikuwa Jumanne, na siku hiyo Dusabe alikuwa anatimiza miaka miwili. Wazazi wake walikuwa wameichagua makusudi iwe siku ya kuhama. Kwa miaka sita walikuwa wameishi Ihanda kwenye kibanja cha Gaudiosus, ndani ya kijumba ambacho mwanzoni kilijengewa mbuzi, wakipalilia migomba yake, wakivuna kahawa yake, na wakiitwa wageni. Theoneste alizaliwa Karagwe, na baba yake pia alizaliwa Karagwe. Lakini babu alikuja kwa miguu kutoka Rwanda, na inaelekea alifika na vumbi ambalo mpaka kizazi cha tatu lilikuwa halijafutika. Sasa walikuwa wamepata chao: kipande cha mlima huko Kibingo, wilaya ya Kyerwa, kidogo na chenye mawe. Nikuze alikuwa ameapa kwamba mtoto atakata keki akiwa amesimama kwenye ardhi ya baba yake, hata kama ni juu ya jiwe.

Kadiri walivyosogea, ndivyo Dusabe alivyorudi nyuma. Nikuze aliyajua yote yaliyokuwa yanaondoka, kwa sababu yalipokuja alikuwepo. Lilianza kumtoka neno "sitaki", ambalo mtoto alilipata Krismasi na kulitumia kupita kiasi. Hilo halikumsikitisha sana. Likafuata "maji". La mwisho kutoka lilikuwa lile lililotangulia kuingia, nalo ni "toka". Watoto wengine huanza na mama, au baba. Dusabe alianza na "toka" kwa kuwa ndilo neno ambalo Gaudiosus aliwaambia mbuzi, kuku na baba Dusabe kila asubuhi. Magego yakarudi kwenye fizi. Meno ya mbele yakafuata, moja moja, bila fujo. Miguu iliyojifunza kutembea kwa kushikilia mkia wa mbwa wa jirani ikajikunja na kuwa miguu ya kubebwa tu.

Nkwenda walisimama kununua keki kwa mama mmoja aitwaye Placida, aliyekuwa anaoka kwenye banda karibu na soko.

"Tuandike nini?" aliuliza Placida.

"Dusabe, miaka miwili."

Placida alimtazama mtoto wa miezi sita aliyekuwa anatafuna kitenge kwa fizi.

"Miwili?"

"Kadi ya kliniki inasema miwili."

"Kadi ikishasema, mimi ni nani," alisema Placida, akaandika.

Walipofika Kibingo ilikuwa saa saba mchana. Theoneste alitangulia kwenye kiwanja chake akasimama katikati, mikono kiunoni, kama alivyokuwa amejizoeza. Nikuze alibaki barabarani. Dusabe sasa alikuwa na urefu wa jembe lisilo na mpini, macho yamefumba, na kitovu kilikuwa kimeota tena kile kipande chake cha siku za mwanzo, kikiwa kibichi.

"Njoo!" aliita Theoneste. "Ni kwetu!"

"Siji. Nikipiga hatua nyingine moja huyu anarudi ndani, na mimi simpokei. Nilishamaliza."

Lameck alizima pikipiki. Yeye ndiye aliyeuliza swali lililotakiwa kuulizwa kabla ya kufunga godoro. "Kondo lake mlizika wapi?"

Mume na mke walitazamana. Mtoto anapozaliwa, kondo la nyuma huzikwa kwenye kibanja cha baba yake, chini ya mgomba. Wa kike chini ya mgomba wa ndizi za kupika, wa kiume chini ya mgomba wa ndizi za pombe. Hivyo ardhi humjua mtu wake. Lakini Dusabe alipozaliwa baba yake hakuwa na kibanja wala mgomba. Aliyemzalisha ni Auleria, mama mzazi wa Gaudiosus, na Auleria alichukua kondo kwenye kipande cha jani, akaenda nalo uani, akarudi ananawa mikono. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mtu akikusaidia kwenye uzazi, huwezi kumhoji.

"Basi ardhi ya kule imemshika," alisema Lameck, akawasha pikipiki.

Wakati wa kurudi Dusabe alikua kwa kasi na kwa hasira. Meno yote yalitoka kati ya Nkwenda na Omurushaka, na aliyajaribu kwenye bega la mama yake. "Sitaki" ilirejea wakati uleule Nikuze alipokuwa anampa maji. Walipoingia Ihanda saa kumi viatu vilikuwa vinambana tena, na Lameck alikuwa analalamikia uzito.

Gaudiosus alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, anachambua kahawa. Alikuwa na umri wa Theoneste, pengine mdogo kwa mwaka mmoja, lakini humwita kijana.

"Kijana, umerudi. Umesahau nini?"

"Shikamoo mzee. Kondo la mtoto."

Walimweleza. Gaudiosus alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye kahawa, kisha akatuma aitwe mwenyekiti wa kitongoji, Protase, na iletwe rubisi, pombe ya ndizi, kwa sababu neno la ardhi halizungumzwi na koo kavu. Protase alikuwa mtu wa haki. Alikunywa rubisi ya Gaudiosus, na kwa kuwa Theoneste hakuwa na pombe, alikubali kukatiwa keki.

"Mama," Protase alimwambia Auleria, "ulizika wapi?"

"Pale," alisema Auleria, akaonyesha kwa kidevu. "Au pale pengine. Migomba inatembea, mwanangu. Huu unaangushwa, chipukizi linatokea upande wa huku, baada ya miaka miwili shina si lilelile. Nimezika mengi humu."

"Kwa nini ukazika kwetu?" aliuliza Gaudiosus.

"Ulitaka nizike wapi, kwenye mfuko wa sukari? Mtoto ni mtoto. Lazima awe wa mahali."

Theoneste aliomba ruhusa ya kuchimba. Alisema atachimba taratibu, shina kwa shina, na kwa kila atakaloling'oa atapanda matatu. Gaudiosus alisema hapana, upande ule amelala marehemu baba yake.

"Mwongo," alisema Auleria. "Baba yako yuko upande wa choo. Ulichagua mwenyewe."

Watu walicheka, na Gaudiosus alicheka nao. Baada ya kucheka alisema bado ni hapana. Alieleza vizuri tu, kama mtu anayeeleza njia. Kuchimba ni kuharibu mashina kumi, na mashina kumi ni chakula cha nyumba yake. Tena palizi ya kahawa inaanza wiki ijayo. Hajamfukuza mtu. Nyumba waliyoiacha bado ipo, mbuzi hawajarudishwa.

"Na mimi simkatazi mtoto kukua," alisema. "Akue tu. Ila akulie hapa."

Protase alifuta makombo mdomoni akatoa uamuzi. Kilichomo kwenye udongo ni cha mwenye udongo. Kondo lilikuwa kwenye udongo wa Gaudiosus, kwa hiyo kukua kwa mtoto kulikuwa mali ya Gaudiosus, isipokuwa mtoto mwenyewe, ambaye ni wa wazazi wake na wanaweza kwenda naye popote wapendapo. Akauliza kama kuna mtu hajaelewa.

"Nimeelewa," alisema Nikuze. "Kwa hiyo miaka sita tumekuwa wageni, na huyu wa miaka miwili ni mwenyeji mpaka hawezi kutoka."

"Hapo umeelewa vizuri sana, mama Dusabe," alisema Protase.

Keki iliyobaki ililiwa hapohapo uani, juu ya godoro ambalo hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifungua. Waliimba. Gaudiosus, kama mwenye uwanja, aliombwa aseme neno. Alisema anamshukuru Mungu kwa jinsi mtoto huyu anavyokua, amenenepa, ana meno, anatembea, na kila mtu anaona kwamba ardhi ya hapa ina rutuba. Dusabe, uso mzima ukiwa na sukari, alimsogelea, akamwonyesha kidole na kumwambia, "Toka." Auleria alicheka mpaka akaomba kushikwa.

Jumatatu iliyofuata Theoneste alianza palizi.

Hawakuacha kujaribu. Walijaza udongo wa uani kwenye kopo la maziwa, wakamvisha Dusabe shingoni, wakampeleka Kibingo. Udongo ulisaidia sikio moja. Alifika mchanga kabisa, mwenye sikio la mtoto wa miaka miwili na nusu, na wakarudi naye. Walipeleka chipukizi la mgomba; liliota vizuri Kibingo, likazaa ndizi, na mtoto halikumfanyia lolote. Padri alisema watoe shukrani. Bwana shamba alisema tatizo ni mnyauko.

Nikuze aliposhika mimba ya pili hakutaka kurudia kosa. Uchungu ulipoanza alipanda pikipiki ya Lameck, akajifungulia Kibingo kwa jirani, mtoto wa kiume, Mutabazi. Kabla hajalala kitandani alichimba shimo mwenyewe katikati ya mawe yake, chini ya mgomba alioupanda, akazika kondo kwa mikono yake na kukanyaga udongo mara saba. Ardhi ya Kibingo ikamshika Mutabazi. Nikuze alikaa mwezi, akamfunga mgongoni ampeleke Ihanda akamwone dada yake, na alipofika Omurushaka kitenge kilikuwa kitupu karibu chote. Akageuza.

Hivi ndivyo walivyo sasa.

Auleria alifariki mwaka juzi kwa uzee. Alizikwa upande wa choo, alivyotaka, ili aendelee kumkalia karibu mumewe na kumsema. Protase alichaguliwa tena, hakuwa na mpinzani. Lameck ana pikipiki mbili na amemwajiri shemeji yake. Placida amehamisha banda lake mbele ya stendi, na bado anaandika kinachosemwa na kadi. Gaudiosus yupo, ana afya, ameongeza kahawa. Huwaambia wageni kwamba kijana wake ni mwaminifu, hajawahi kuomba kuondoka tena.

Theoneste anaishi Ihanda na Dusabe, kwenye kijumba kilekile. Nikuze anaishi Kibingo na Mutabazi, analima maharage kati ya mawe. Alikwenda Ihanda mara moja, akamwacha mtoto kwa jirani. Alipewa kikapu cha kuvunia kahawa kabla ya kusalimiwa, akavuna siku mbili, Mutabazi akaugua nyuma yake, hakwenda tena.

Dusabe ana miaka mitano. Ni mrefu, mbishi, ameanza chekechea na mwalimu anamlalamikia. Mutabazi ana miaka miwili. Jumapili baada ya misa kila mzazi hupanda na wa kwake na hukutana Nkwenda, hotelini, kwa sababu kwa kujaribu waligundua kuwa hapo ndipo watoto wote wawili hubaki na mwili wa kubebeka. Hapo wanakaribia kulingana, wa mwaka na kitu, dada na mdogo wake, na hupigania chapati moja bila kujua nani mkubwa.

Jumamosi jioni Dusabe huongea na mama yake kwenye simu. Humwambia amejifunza kuhesabu mpaka hamsini, kesho atamhesabia yote, asikose. Nikuze humjibu kwamba hatakosa. Jumapili Dusabe anafika akiwa na meno sita, humtazama mama yake kwa muda mrefu, na kusema "toka".

Theoneste ndiye humhesabia Nikuze. Hukosea kwenye arobaini na mbili, pale anapokosea Dusabe, kwa sababu anataka mkewe asikie ilivyo hasa. Nikuze husikiliza mpaka hamsini. Saa nane Lameck hupiga honi, nao wanagawana watoto.