Udi wa Kuhamia

"Wamekufa?" Bibi Nihal aliuliza kutoka kitini, buibui mabegani na viatu miguuni, kama msafiri anayesubiri gari.

"Hawajafa, Bibi. Wamenuna," Leopoldi alijibu. Alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi la kioo, pua yake nusura iliguse.

Alisema hivyo kwa kuwa ilibidi aseme kitu. Jana tu maji yalikuwa safi, na wale samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, ambao nyumba nzima iliwaita Maharusi, walikula kwa fujo. Asubuhi hii walikuwa wamejibanza nyuma ya mwamba. Tumbawe la zambarau lenye vidole, pambo la tangi zima, lilikuwa limekunja ngumi. Kikombe cha povu, kile kinachokusanya uchafu wa maji, kilikuwa kimefurika mpaka kwenye zulia jipya.

Kando ya mlango lilikaa sanduku la Bibi, na kufuli lake halijaguswa tangu Jumapili walipohamia hapa mtaa wa Cheyo. Sharti lake lilijulikana na kila mtu. "Samaki wa marehemu mume wangu wakihama salama, nami nimehama. Wakifa, narudi kwangu." Huko kwake mjini mchwa walikuwa wamekula boriti, na mwezi uliopita kipande cha dari kiliangukia kitanda chake wakati yeye yuko uani anatawadha. Salmini, mwanawe, alikuwa amemvuta Leopoldi pembeni na kumwambia, "Kaka, mimi nimejenga nyumba tu. Wa kumhamisha mama ni wewe."

Leopoldi Manirakiza alikuwa mtoto wa mfuga nyuki wa Ulyankulu. Miaka kumi na minne iliyopita alikuja mjini kulinda geti la Mzee Abdulatifu, mume wa Bibi Nihal. Mzee ndiye aliyegundua kwamba mlinzi wake ana mkono usio na papara, akamtoa getini na kumfundisha kupima chumvi, kulisha samaki na kusugua kioo. Viumbe wale walikuwa wametoka pwani ndani ya ndoo, kwa treni, Mzee akiwalinda njia nzima bila kusinzia. Sasa Mzee alikuwa na miaka miwili kaburini, na bahari yake ndogo ilikuwa mikononi mwa mtu ambaye hajawahi kufika pwani, ingawa maji ya chumvi aliyaonja kila siku.

Uhamisho wenyewe aliupanga vile baba yake alivyokuwa akihamisha mizinga, yaani polepole na bila kutikisa. Gari alilikataa. Alitafuta mikokoteni mitatu, akateka maji ya zamani ndoo kumi na mbili, akazamisha miamba humo isipate hewa, na mchanga akauchukua na tope lake, maana ndani ya tope lile mlikuwa na uhai usioonekana. Bibi alipanda bajaji iliyokwenda mwendo wa konokono nyuma ya msafara, ndoo ya Maharusi ikiwa mapajani mwake, imefunikwa kanga. Tabora imeona misafara ya kila namna, lakini siku ile hata wauza mitumba waliacha kunadi wakatazama. Mmoja aliuliza kama hao samaki wanauzwa. "Hawa ni wakwe zangu," Bibi alimjibu, akamwambia dereva asonge.

Jumatatu na Jumanne mambo yalikuwa mazuri. Ndiyo maana Jumatano hii ilimchanganya. Alipima chumvi, akaikuta sawa. Joto nalo sawa. Alitikisa vichupa vya kupimia, akasubiri rangi kwa roho juu; ikatoka njano, rangi ya maji yasiyo na sumu. Kila kipimo kilisema tangi ni zima, na tangi lilikuwa linaumwa mbele ya macho yake.

"Bajaji ya saa ngapi niite?" Bibi aliuliza.

"Bibi yangu, nipe muda kidogo."

"Nakupa mpaka kesho alasiri, baba. Mimi siwezi kukaa nyumba iliyoua kipenzi cha mume wangu."

Leopoldi alichukua kitambaa akaanza kufuta povu kwenye zulia. Alipokikamua, harufu ikampanda puani. Povu la tangi hunuka uvundo wa pwani. Povu hili lilinukia harusi.

Aliketi chini palepale.

Jana alasiri Bibi alitaka nyumba ifukizwe udi, maana nyumba mpya haikaliwi hivihivi. Magoti yake yakamsumbua, hivyo Leopoldi alibeba chetezo kwa niaba yake. Mkatoliki mzuri, mzoefu wa ubani wa kanisani, aliifanya kazi ile kwa moyo wote, chumba kwa chumba, kona kwa kona. Mwisho Bibi alisema, "Na hao wageni wenzangu pia wapate." Leopoldi, asiyependa kazi nusunusu, alifungua kabati lililo chini ya tangi, akaweka chetezo ndani na kurudishia mlango. Humohumo kabatini ndimo ilimokaa mashine ya hewa. Kwa saa nzima mashine ilivuta udi na kuupuliza majini, pumzi baada ya pumzi.

Moja ya mambo mawili angeweza kufanya. Angeweza kusingizia safari, na hakuna ambaye angejua; au angesema kweli. Alimtazama Bibi na viatu vyake, aibu ikamjaa.

"Bibi, siyo nyumba iliyowadhuru. Ni mimi. Nimewafukiza kwa ndani."

Akamweleza yote. Alitarajia kufokewa, lakini Bibi alikunja na kukunjua ncha ya mtandio.

"Msema kweli mpenzi wa Mungu," alisema hatimaye. "Hebu niambie. Ule moshi wa udi, kwa samaki, ni sumu?"

"Ukiingia mwingi kwenye maji, ndiyo."

"Marehemu alilijua hilo?"

"Mzee? Hakuna asilolijua kuhusu tangi hili."

"Kila Alhamisi," Bibi alisema taratibu, "nilikuwa nikiwasha chetezo, naye anakuja, ananipokea kwa tabasamu, anakipeleka uani. Kila Alhamisi. Nikajiambia, mume wangu hapendi harufu yangu ila ana haya kusema. Nikaacha udi chumbani, nikaacha kwenye nywele. Miaka yote ile, Leopoldi. Tangu hapo mpaka jana sikuwasha udi ndani ya nyumba."

Leopoldi alikiweka kitambaa chini.

"Kumbe ni samaki," Bibi alisema. Mabega yalianza kumtikisika, na Leopoldi aliogopa kwamba analia. Alikuwa anacheka, machozi yakimtoka vilevile. "Mwanamume mjinga. Si angeniambia?"

"Pengine aliogopa utasema anawapenda wao zaidi."

"Na ningesema kweli. Inuka, baba, fanya kazi."

Akafanya kazi. Mpira wa mashine aliutoa nje kupitia dirishani ili uvute hewa safi. Alibadilisha mkaa wa kuchujia. Akateka theluthi ya maji na kuyamwaga, kisha akajaza maji ya chumvi aliyokuwa ameyaandaa tangu mjini, kikombe kwa kikombe, mpaka mgongo ukamwambia basi. Mwishoni alilifunika tangi lote kwa kanga. Baba yake alikuwa akisema kwamba mzinga uliohamishwa hauchunguliwi, na hapo kazi ya mikono iliishia.

Alhamisi mchana Salmini alikuja kutoka dukani na kunyoosha mkono kwenye kanga. Leopoldi aliuzuia.

"Hata kidogo tu, kaka?"

"Hata kidogo, Bwana Salmini. Alasiri bado."

Salmini alilitazama sanduku mlangoni, akapumua, akaenda kukaa barazani.

Adhana ya alasiri ilipokwisha, Leopoldi aliishika kanga kwa ncha mbili. Akaifunua.

Maharusi walikuwa mbele ya kioo, wanazozana kama kawaida yao. Ngumi ya zambarau ilikuwa imelegea. Haikuwa imekunjuka, bado, lakini kidole kimoja kilikuwa nje, chembamba, kikipepea majini, na pembeni yake cha pili kilikuwa kinajaribu.

"Bibi," aliita. "Bibi, njoo uone."

Hakujibiwa. Kiti kilikuwa kitupu, na viatu vilikuwa chini yake, vimepangwa. Leopoldi aligeukia mlangoni. Kufuli lilikuwa sakafuni na sanduku lilikuwa wazi.

Kupitia dirishani, pale ulipotokea mpira wa hewa, alimwona Bibi uani, peku. Alikuwa amekiweka chetezo mbali kabisa, kwenye ukuta wa mwisho, upande ambao upepo hauelekei nyumbani. Juu yake alikuwa amefunika tenga, na juu ya tenga ametandaza kanzu nyeupe ya marehemu. Moshi ulikuwa unaijaza kanzu taratibu, kifuani kwanza, kisha mikononi, na Bibi alikuwa ameinama, anaivuta kola ikae vizuri.