Fataki Hazihesabu Dakika

Darasa letu la jioni hapa Ujiji lina kompyuta sita, na sisi tulikuwa saba. Watano walikwisha kupita mtihani wa kipanya. Kiti cha ngazi ya pili kilibaki kimoja, na wagombea tulikuwa wawili: mimi na Thobias, dereva wa bodaboda wa Gungu. Atakayekikosa angesubiri mpaka mwakani.

Nina miaka hamsini na mitatu. Kusoma nimejifunza nikiwa na wajukuu. Mwaka huu kina mama wa msikiti wetu wa Kasingirima wamenichagua kuwa katibu, na mihtasari yetu tunaipeleka stesheneri kuchapwa, ikirudi majina ya watu yamekosewa. Nilikitaka kiti kile. Nilikiombea katika kila sijida.

Mtihani wenyewe ulikuwa mchezo. Mwalimu Alphonce alisema hakuna kinachouzoesha mkono kipanya kama mchezo wa fataki. Kioo kinajaa fataki za rangi: nyekundu, buluu, kijani, dhahabu. Unazibadilisha nafasi mbili zilizo jirani. Zikikaa tatu za rangi moja kwenye mstari, zinalipuka kwa cheche, na za juu zinashuka kujaza pengo. Tulitakiwa kulipua dhahabu arobaini kwa hatua thelathini.

"Mwalimu," niliuliza kabla hatujaanza, "kinachohesabiwa ni nini?"

"Hatua, mama. Namba ile ya pembeni. Ikifika sifuri umekwisha."

"Na dakika?"

"Dakika hazimo."

Nikasema Bismillah, nikashika kipanya.

Thobias alicheza kama anavyoendesha pikipiki. Kioo chake kiliwaka mfululizo, wenzetu wakampigia makofi.

"Mama Mwanamvua, amka! Mwenzio niko Mwandiga, wewe bado unatafuta helmeti!"

"Tangulia, baba. Angalia tu mafuta yasikuishie njiani."

Mimi ni msukaji wa mikeka. Kabla sijaingiza jani jekundu, najua litatokea wapi. Nikaona mapema kwamba ukilipua za chini, za juu huja kujipanga zenyewe. Basi nilicheza chini, polepole.

Nilipobakiwa na hatua nne na dhahabu tisa, adhana ya Magharibi ikasikika. Thobias alikuwa na hatua mbili na dhahabu tano. Nikaachia kipanya, nikasimama.

"Ukiinuka, kiti changu hicho!" Thobias akasema.

"Kiti ni cha atakayemaliza," Mwalimu akamjibu. "Nenda ukaswali, mama."

Nilijua hatari iliyokuwapo. Mtu akigusa kipanya changu hata kwa utani, hatua imekwenda. Nikatoka hivyo hivyo, nikatia udhu, nikaswali rakaa zangu tatu barazani bila haraka. Kiti sikukiomba tena, nilikwisha kuomba.

Niliporudi nilikuta helmeti imefunika kipanya changu.

"Nani kaweka?"

"Mimi," Thobias akasema. "Hawa jamaa walitaka kukusaidia kucheza. Nikawaambia wamwache mama, nimshinde akiwepo."

"Na wewe umefikia wapi?"

Akakuna kichwa. "Nilitaka urudi ukute nimeshamaliza. Zimebaki dhahabu mbili, hatua sina. Mafuta yameisha, mama."

Nikakaa. Nikakitazama kioo mpaka nikaelewa kitakachoshuka. Kisha nikalipua buluu tatu za chini kabisa.

"Mama! Siyo hizo!" darasa zima likapiga kelele.

Za juu zikashuka. Dhahabu nne zikakutana, zikalipuka zenyewe. Hatua ya pili, tatu zikaenda. Hatua ya tatu, tatu nyingine, na kioo kizima kikamwaga cheche. Nilibaki na hatua moja mkononi. Alhamdulillah.

Mwalimu Alphonce akaandika jina langu kwenye kompyuta ya sita. Thobias alinipa mkono, kisha akatoa funguo za pikipiki yake mfukoni. Akaelekea mlangoni.

"Thobias, unakwenda wapi?"

"Mpaka mwakani, mama."

"Kila siku Magharibi ikiingia, mimi naondoka hapa na kiti kinabaki kitupu. Utakuwa unakaa wewe. Mwalimu, kuna kosa?"

"Sioni kosa," Mwalimu akasema.

Thobias akazirudisha funguo mfukoni. "Ni muda gani huo, mama?"

"Robo saa. Nikiongeza sunna, dakika ishirini."

"Basi mama yangu, sunna usiziache. Na dua iwe ndefu."