Mabega ya Tsuzura

Jumanne asubuhi, mwezi wa nne, Tsuzura alishindwa kufungua chupa ya plamu za chumvi. Alijaribu kwa mkono wa kulia, akajaribu kwa wa kushoto, akaifunika kwa taulo ya jikoni na kujaribu tena. Kisha akaiweka mezani mbele ya Kuramochi Ineko, akavuta kiti.

"Shangazi, hebu nifungulie."

Ineko alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mwembamba kama ufito, na kiwiko chake cha kuchorea kilikuwa kinamuuma tangu ujana. Akaishika chupa, akaizungusha, ikafunguka. Wote wawili wakaitazama.

"Labda nilikuwa nimeshailegeza," akasema Tsuzura.

"Labda."

Wakala wali wao na plamu, na suala hilo halikutajwa tena mpaka jioni.

Tsuzura alikuwa ameishi katika nyumba ile ya mtaa wa Ogikubo miaka tisa, tangu kitabu cha tatu cha manga, hadithi ya michoro aliyoiandika Ineko. Siku kitabu hicho kilipoingia madukani alibisha hodi saa nne asubuhi, akavua viatu mlangoni, akauliza bafu liko wapi, maana ukurasa wa mwisho ulikuwa umemwacha kwenye tope. Ineko akamwonyesha bafu, akamtafutia shuka. Majirani waliambiwa ni binti wa kaka yake kutoka mkoa wa Iwate. Waliokuwa wamesoma manga yenyewe walijua si kweli, lakini kwa adabu waliuliza tu habari za huko Iwate.

Katika manga hiyo Tsuzura ni binti wa mchonga mawe, anayepigana mikono mitupu na watu waliopora machimbo ya kijiji chake. Ana kovu kidevuni na mabega mapana kama mlango. Mabega hayo Ineko hakuyabuni. Yalikuwa ya mama yake mzazi, aliyebeba mawe mgongoni miaka ishirini na mbili na kuzikwa katika jeneza lililobidi kuongezwa upana. Wahariri watatu walimshauri ayapunguze. Aliwakatalia wote watatu, na manga ikafika kitabu cha kumi na moja.

Sasa ilikuwa imegeuzwa kuwa katuni ya televisheni. Kipindi cha kwanza kilikuwa kimeonyeshwa Jumapili iliyopita, saa kumi na moja jioni. Jumanne ile, baada ya kuosha vyombo, Ineko alitoa utepe wa kushonea akampima Tsuzura kutoka bega hadi bega. Akaandika kwenye kalenda. Jumapili iliyofuata wakatazama kipindi cha pili, na Jumatatu akampima tena. Alikuwa amepungua sentimita tatu.

"Huko kwenye televisheni wamenichora hivi?" akauliza Tsuzura.

"Ndivyo walivyokuchora."

"Naona kama msichana wa kuuza losheni."

Baada ya kipindi cha nne kovu la kidevuni likatoweka, pakabaki ngozi laini. Baada ya cha tano shati la kazi likaanza kumteleza begani, ikabidi Ineko alibane kwa pini. Tarehe kumi na mbili ya kila mwezi, jarida lenye sura mpya ya manga lilipotoka, mabega yalirudi, na kovu nalo lilionekana kwa mbali kama mstari wa penseli. Yalidumu siku mbili, tatu. Kisha Jumapili ilifika. Wasomaji wa jarida walikuwa laki moja, na watazamaji wa katuni milioni tatu.

Ineko akampigia simu mhariri wake, Urushibata, mtu mpole aliyekuwa akiomba radhi hata anapopiga chafya.

"Mwalimu, pole sana," akasema Urushibata, aliyewaita hivyo wachoraji wake wote. "Hili jambo nitalifikisha."

"Utalifikisha wapi?"

"Kwenye kamati."

"Hiyo kamati ni nani?"

Urushibata alifikiri kidogo. "Ni watu wengi, Mwalimu."

Waliitwa kwenye kikao cha kamati Alhamisi, saa nane mchana, ghorofa ya sita. Mapokezi walimpa Tsuzura kitambulisho cha mgeni, akakining'iniza shingoni. Mezani walikaa watu saba, na kila mmoja alikuwa na bilauri ya chai baridi ya shayiri. Aliyeongoza ni mtayarishaji, Bwana Minegishi, aliyesimama, akainama, akamwambia Tsuzura kwamba ni heshima kubwa kumpata, kwani wahusika wengi huwa hawana nafasi.

"Nimepungua sentimita kumi na moja," akasema Tsuzura.

Minegishi akamtazama kwa makini, kama mtu anayeangalia nguo iliyotoka kwa fundi.

"Kwa kweli imekupendeza."

"Siwezi kunyanyua gunia la mchele."

"Pole sana. Hilo tutaliandika." Akamgeukia mwenzake, naye akaliandika.

Ineko akaeleza habari za mama yake. Alieleza polepole, kwa sababu hakuwahi kumweleza mtu yeyote: machimbo, mawe, kamba iliyoacha alama kifuani, jeneza. Alipomaliza watu wote saba waliinamisha vichwa.

"Mwalimu, tunakushukuru sana kwa kutushirikisha," akasema Minegishi. "Tutaiweka katika kijitabu cha zawadi kwa watakaonunua seti nzima."

Kisha akafungua karatasi za kipindi cha kumi na mbili, kile cha pambano la lango la mawe. Katika manga, Tsuzura anavunjika kifundo cha mkono wa kulia, anaendelea kwa mkono huohuo, na anamwangusha mkuu wa machimbo kwa ngumi moja iliyochukua kurasa tisa. Katika karatasi za Minegishi, ngumi hiyo ilikuwa ya Haruma, kijana anayefuatana na Tsuzura.

"Haruma?" akauliza Tsuzura. "Haruma mbeba sufuria?"

"Anapendwa sana na watazamaji."

"Nampenda hata mimi, lakini hajui kupigana. Nilimfundisha siku mbili, akateguka mguu kwa kumkwepa paka."

Mtu mmoja mezani akacheka, akajifanya anakohoa.

"Ndiyo maana inagusa," akasema Minegishi. "Hakuna anayeitarajia."

"Na mimi nafanya nini wakati huo?"

Minegishi akafunua ukurasa. "Wewe unaita jina lake."

Ineko akasema manga ni yake, Tsuzura ni wake, na ngumi ile ilimchukua miezi miwili. Minegishi akakubali kila neno. Kila alipokubali, aligeuza ukurasa mmoja mbele. Saa tisa na nusu kikao kikafungwa, watu wote wakainama, na hapakuwa na kilichobadilika isipokuwa chai ilikuwa imekwisha.

Kwenye korido mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa kimya mwisho wa meza aliwafuata mbio. Aliitwa Otowa, ndiye mchoraji mkuu wa mapigano.

"Mimi ndiye ninayekuchora," akamwambia Tsuzura. "Mwanzo nilikuchora mpana. Mara nne nilipeleka picha, mara nne zikarudi na alama za penseli nyekundu."

"Kipindi cha pili, ile ngumi ya kwenye daraja," akasema Tsuzura. "Nyonga ilianza kabla ya mkono. Wachoraji wengi hawalijui hilo."

Otowa akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaendelea kuifuta ingawa ilikuwa safi.

"Naweza kukataa kukichora kipindi cha kumi na mbili," akasema.

"Ukikataa itakuwaje?"

"Watampa mtu asiyejua nyonga."

Tsuzura akafikiri. "Basi usikatae, dada. Haruma asije akaumia."

Kipindi cha kumi na mbili kilionyeshwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa sita. Mvua ilikuwa ikinyesha. Ineko na Tsuzura walikaa kwenye mkeka wakatazama mpaka mwisho. Kilichorwa vizuri mno, na hilo ndilo lililomuuma Ineko zaidi. Haruma alizungusha nyonga, mkono ukafuata, mkuu wa machimbo akaanguka. Tsuzura wa kwenye televisheni alikuwa amepiga magoti, nywele zikipepea, akaita jina la Haruma. Tsuzura wa kwenye mkeka akatazama mkono wake wa kulia. Vidole vilikuwa vimefunguka wazi, kama vya mtu anayesubiri kushikwa mkono. Akajaribu kuvikunja, vikakataa.

"Vinauma?" akauliza Ineko.

"Haviumi. Vimekaa tu."

Kengele ya mlango ikalia. Alikuwa jirani yao, Bi Hatoko, na kikapu cha cheri na macho mekundu.

"Nimelia mpaka basi!" akasema. "Yule Haruma, kumbe mwanaume kweli! Tsuzura mwanangu, una bahati wewe."

"Asante, Bi Hatoko," akasema Tsuzura, akapokea kikapu kwa mkono wa kushoto.

Wiki hiyohiyo Urushibata alikuja nyumbani na keki ya njugu za chestnati. Aliomba radhi kwa mvua, akaomba radhi kwa keki, kisha akasema alichotumwa. Wasomaji wapya waliotoka kwenye katuni walikuwa wanachanganyikiwa. Walifungua manga wakamkuta mtu mwingine kabisa. Je, Mwalimu asingeweza, taratibu tu, sura baada ya sura, kumsogeza kidogo kuelekea yule wa kwenye televisheni?

"Yupo hapo mbele yako," akasema Ineko. "Mwulize mwenyewe."

Urushibata akamtazama Tsuzura, aliyekuwa akijaribu kukata keki kwa mkono wa kushoto, kisha akayatazama magoti yake mwenyewe.

"Mimi nakupenda ulivyokuwa," akasema. "Tangu sura ya kwanza. Lakini hawaniulizi mimi."

"Kwa hiyo wanamuuliza nani?" Ineko akapaza sauti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Kila mtu ananiambia anampenda alivyokuwa! Yule mchoraji anampenda, wewe unampenda, hata Minegishi nina hakika anampenda akiwa kwake! Sasa ni nani huyo anayemkata?"

Urushibata alikula keki yake yote, kwa sababu kuiacha kungekuwa kukosa adabu, akaaga.

Ineko akachora. Alichora kurasa arobaini ambamo hapakuwa na jambo lolote isipokuwa Tsuzura akipandisha jiwe moja mlimani, na katika kila ukurasa mabega yalikuwa mapana kuliko ukurasa uliotangulia, mpaka mwishoni yakavuka mistari ya fremu na kutoka nje ya karatasi. Kiwiko kilivimba. Hakukosea hata mstari. Urushibata aliipokea sura hiyo na kuichapisha yote, bila kugusa kitu, ndani ya jalada lenye picha ya yule msichana wa losheni.

Tarehe kumi na mbili Tsuzura aliamka akagonga bega mlangoni. Siku hiyo alisogeza kabati la chuma lililokuwa limewashinda miaka yote, akaziba paa linalovuja, akambebea Bi Hatoko friji yake mbovu kwenda dukani na kuirudisha, kwa kuwa hawakuwa na vipuri. Mkono wa kulia ulikunjika na kufunguka. Ineko alikaa kwenye ngazi ya mlangoni akimtazama tu, na kazi ya mwezi uliofuata hakuigusa.

Siku ya tatu ikatangazwa kwamba kipindi cha kumi na mbili kitarudiwa Jumapili kwa maombi ya watazamaji. Kikarudiwa, na vidole vya mkono wa kulia vikagoma tena. Mwezi wa nane msimu wa pili ukathibitishwa, na kamati ikatuma karatasi ya michoro mipya. Ndani yake Tsuzura alikuwa amepungua kidogo zaidi na ameongezewa utepe wa nywele. Ineko aliandika barua ya kupinga, kurasa sita. Akajibiwa siku ya pili, kwa heshima kubwa, kwamba barua imefika.

Jumatano moja ya mwezi wa tisa, Tsuzura alikwenda kwenye ukumbi wa michezo wa kata kujiandikisha darasa la judo la asubuhi kwa wanaoanza. Fomu iliuliza jina, umri na uzoefu. Kwenye uzoefu alishika kalamu kwa muda, kwa mkono wa kushoto, akaandika: *hakuna*. Wakampa vazi jeupe la saizi ndogo na mkanda mweupe.

Wanafunzi wengine walikuwa wastaafu, na mama mmoja aliyeshauriwa na daktari. Mwalimu alikuwa mzee mchangamfu mwenye masikio yaliyokunjamana.

"Usiwe na wasiwasi, dada," akamwambia. "Hapa hakuna haraka. Miezi mitatu ya kwanza tunajifunza kuanguka tu."

"Ndiyo, Mwalimu," akasema Tsuzura.

Akaenda akasimama mwisho wa mstari, nyuma ya wastaafu, na zamu yake ilipofika akaanguka.